Mwongozo Kamili wa Kutatua Tatizo Gumu la Uhai na Kifo Katika Mchezo wa Go

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwapa wasomaji tatizo moja la kona, na majibu mengi yanayorudi hukosea mahali pale pale. Mwendo wa kwanza huwa mzuri, wa pili pia, kisha msomaji anaandika kwamba kundi limekufa, au limeishi, pasipo kuhesabu pumzi hata mara moja. Anayekosea hivyo ana kipaji cha kutosha. Tatizo ni kwamba anaamini mwendo wake kabla ya kumtafutia mpinzani jibu kali kuliko yote. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu unapopanga kete ubaoni hadi unapoweza kutoa hukumu usiyoionea shaka.

Nachukulia kwamba unazijua kanuni za msingi: jinsi kete zinavyoliwa, kwa nini kundi lenye macho mawili (vyumba viwili tupu vilivyozungukwa na kete zake) haliwezi kuliwa, na kwa nini katika ko, yaani pale wachezaji wanapoweza kuliana kete moja moja kwa zamu bila mwisho, hairuhusiwi kurudisha papo hapo.

## Vitu unavyohitaji

Tafuta ubao halisi na kete halisi ukiweza. Ubao wa 9 kwa 9 unatosha kwa matatizo mengi ya kona, kwa sababu eneo lenye mgogoro ni dogo. Skrini nayo inafaa, ila usibonyeze chochote kabla hujamaliza kusoma miendo kichwani. Kila kete unayoiweka haraka inakunyima zoezi ulilokuja kulifanya.

Uwe pia na karatasi na kalamu. Karatasi ni ya kuandikia miendo uliyokwisha kuichunguza na matokeo yake, ili usizunguke mara tatu kwenye njia moja huku ukidhani unasonga mbele.

Swali liwe limeandikwa kikamilifu: nani anacheza kwanza, na anatakiwa kuua au kuishi. Tatizo lisilosema zamu ni ya nani halina jibu.

Mwisho, tenga muda usiokatizwa. Kwa tatizo gumu, dakika ishirini za utulivu zina faida kuliko saa nzima ya kuchungulia na kuacha.

## Maneno nitakayotumia

Nukta ni mahali mistari miwili inapokutana. Pumzi ni nukta tupu iliyogusana moja kwa moja na kete au kundi. Kundi likikosa pumzi linaliwa. Pumzi za nje ni zile zilizo nje ya eneo ambamo kundi linajaribu kujenga macho. Mchezaji wa kete nyeusi nitamwita Nyeusi, na mwenzake Nyeupe.

Safu za kwenda juu zina herufi kuanzia A upande wa kushoto, na mistari ya mlalo ina namba kuanzia 1 chini. Kwa hiyo A1 ndiyo kona yenyewe, na B2 iko hatua moja ndani kutoka kila ukingo.

## Hatua ya 1: Panga kete na uhakiki kila moja

Weka kete ubaoni, kisha zihesabu na uzilinganishe na mchoro. Jambo hili linaonekana dogo mno kutajwa, lakini nimeona watu wakipoteza jioni nzima kwa sababu kete moja ya nje ilikaa nukta moja kando. Katika matatizo ya uhai na kifo, kete ya nje inayoonekana kuwa pambo tu mara nyingi ndiyo inayoamua jibu.

Tatizo tutakalolitumia ni hili. X ni kete nyeusi, O ni kete nyeupe, na kitone ni nukta tupu.

4  O O O O .
3  X X X X O
2  . . . X O
1  . . . X O
   A B C D E

Nyeusi ana kete sita: A3, B3, C3, D3, D2 na D1. Nyeupe ana saba: A4, B4, C4, D4, E3, E2 na E1. Chukulia kwamba kete za Nyeupe ni hai na haziwezi kuguswa. Nyeupe anacheza kwanza. Je, anaweza kuua?

Umefaulu hatua hii ukiweza kufumba macho na kutaja kila kete ilipo.

## Hatua ya 2: Hesabu pumzi kabla ya kuwaza mwendo wowote

Hesabu pumzi za nje za kundi linaloshambuliwa na uandike idadi yake kwenye karatasi. Katika mchoro wetu idadi ni sifuri: ukuta wa Nyeusi umebanwa pande zote, na pumzi alizobaki nazo zimo ndani tu.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba uhaba wa pumzi hugeuza mwendo wa kawaida kuwa wa kujiua. Nyeusi anaweza kuhitaji kucheza nukta fulani ili apate jicho, na nukta hiyo hiyo ikawa ndiyo pumzi yake ya pili kutoka mwisho. Asiyehesabu mapema halioni hilo hadi kete zimeshaondolewa ubaoni.

Onyo: usiandike "chache" au "nyingi". Andika namba. Tutaona hapa chini kwamba 0, 1 na 2 zinatoa majibu matatu tofauti kwa umbo hili hili moja.

## Hatua ya 3: Pima nafasi ya macho

Tazama nukta tupu zilizozungukwa na ukuta na ujiulize: kama hakuna atakayecheza tena kutoka nje, umbo hili lina hali gani? Maumbo ya msingi lazima uyajue kwa moyo, kama mtoto anavyojua jedwali la kuzidisha, kwa sababu kila njia ndefu ya kusoma huishia kwenye mojawapo.

Nukta tatu, ziwe zimenyooka au zimepinda, hutegemea zamu: mwenye kundi akicheza katikati anaishi, mshambuliaji akicheza katikati anaua. Nukta nne zilizonyooka ni hai. Nukta nne za mraba zimekufa hata mwenye kundi akianza. Nukta nne za umbo la herufi T hutegemea zamu, na vivyo hivyo nukta tano za msalaba, na tano zinazotokana na mraba ulioongezewa nukta moja ubavuni. Kwenye kona maumbo haya yanaweza kubadilika, hasa pumzi za nje zinapokuwa chache, kwa hiyo huko yatumie kama dira na uendelee kusoma.

Kwa kete zilizojipanga mstari wa pili zipo hesabu zinazookoa muda mwingi. Upande wa ubao, mbali na kona, kete sita zilizobanwa pande zote zimekufa, saba hutegemea zamu, na nane ni hai. Mstari ukianzia ukingoni kabisa kwenye kona, yaani A2, B2 na kuendelea, kete nne zimekufa, tano hutegemea zamu, na sita ni hai. Usizikariri bila kuzijaribu ubaoni. Utagundua kwamba zote zinatokana na jambo moja: mshambuliaji anabana mwisho wa mstari, mlinzi anazuia, na swali ni kama zimebaki nukta tatu au nne.

Katika tatizo letu nafasi ni nukta sita za mstatili: A1, B1, C1, A2, B2 na C2. Katikati ya ubao mstatili wa namna hii ni hai bila wasiwasi. Kwenye kona hali ni tofauti, na ndiyo maana tatizo hili linastahili kazi yote hii.

## Hatua ya 4: Orodhesha miendo ya kujaribu, kwa mpangilio

Mshambuliaji ana zana tatu kubwa. Ya kwanza ni kubana kutoka nje ili kupunguza nafasi. Ya pili ni kupenyeza kete kwenye nukta muhimu ya ndani. Ya tatu ni kutoa kete iliwe, ili jicho ligeuke bandia au pumzi za mlinzi zipungue.

Anza kila mara na kubana, kwa kuwa ndiyo njia rahisi kusomeka, na ikitosha huna haja ya ujanja. Ikishindikana, nenda ndani. Ukiwa ndani, jiulize kwanza: Nyeusi angepewa zamu, angecheza wapi? Nukta anayoitamani yeye mara nyingi ndiyo unayopaswa kuishika wewe.

Katika mchoro wetu hakuna pa kubana, kwa kuwa ukuta umefungwa kabisa. Zimebaki nukta za ndani. Nyeusi angependa kugawa mstatili kuwa vyumba viwili, cha kushoto na cha kulia, na nukta zinazofanya hivyo ni B2 na B1. Andika zote mbili. Nukta za pembeni, kama A2 au C1, ziandike chini yake kama akiba.

Onyo: usiifute B1 kwa sababu tu B2 inapendeza zaidi machoni. Utaihitaji.

## Hatua ya 5: Soma kwa kumchezea mpinzani kwa nguvu zako zote

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa kila mwendo wako, acha kabisa kuwa upande wako na ukae kiti cha mpinzani. Mtafutie jibu ambalo lingekuudhi kuliko yote, kisha lijibu hilo. Mwendo unaofaulu kwa sababu mpinzani alijibu vibaya haujafaulu.

### Pumzi za nje zikiwa sifuri

Nyeupe anacheza B2. Majibu yanayofikirika ni B1, C2, A2, C1 na A1. Nyeusi akijibu popote isipokuwa B1, Nyeupe mwenyewe anaichukua B1, na Nyeusi hawezi tena kupata vyumba viwili. Hata akila kete zilizoingia ndani, nafasi anayobaki nayo ni ya nukta tatu zilizopinda, na Nyeupe anarudi katikati. Zisome njia hizo mwenyewe ili uhakikishe, ni fupi.

Jibu kali ni B1. Sasa kuna chumba cha kushoto chenye A1 na A2, na cha kulia chenye C1 na C2. Kete ya Nyeupe ya B2 ina pumzi mbili tu, A2 na C2. Wengi wakifika hapa wanaandika kwamba Nyeusi ameishi.

Nyeupe anacheza A2. Jibu linalomjia kila mtu ni C2, kwa sababu linafanya mambo mawili mazuri kwa pamoja: linaziweka kete za A2 na B2 kwenye atari, yaani zinabaki na pumzi moja tu, na linaijenga C1 kuwa jicho. Lakini simama hapo uhesabu pumzi za ukuta wa Nyeusi. Kushoto, ukuta unagusana na A2, ambayo sasa ni ya Nyeupe. Nje hakuna kitu. Pumzi pekee iliyobaki ni C1, lile lile "jicho". Nyeupe anaweka kete C1 na kuula ukuta wote, kete saba kwa mkupuo. Kete yake ya C1 inaonekana haina pumzi, ila kanuni inasema kete za mpinzani zisizo na pumzi huondolewa kwanza, na zikiondoka pumzi zinapatikana tele.

Je, Nyeusi angeweza kujibu A2 kwa namna nyingine? Akicheza C1, Nyeupe anacheza C2. Nyeusi anakula kete tatu kwa A1, lakini nafasi inayobaki ni A2, B2 na C2, nukta tatu zilizonyooka, na Nyeupe anarudi B2. Akicheza A1, Nyeupe anacheza C2 vile vile. Nyeusi anakula tatu kwa C1, na Nyeupe anarudi tena B2. Amekufa kila njia.

Sasa angalia jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Baada ya B2 na B1, ingekuwaje Nyeupe angecheza C2 badala ya A2? Kwa macho ni kama kioo: upande mmoja au mwingine, tofauti iko wapi? Tofauti ni kubwa. Nyeusi anajibu A2, na kete hiyo inaungana na A3. Kwa hiyo ukuta unapata pumzi ya A1, na wakati huo huo kete ya D1 bado inagusana na C1. Ukuta una pumzi mbili ndani, na Nyeupe hawezi kuingia A1 wala C1. Nyeusi ameishi. Nyeupe akicheza A2, ukuta unakatwa kabisa na chumba cha kushoto. Akicheza C2, Nyeusi anabaki na mguu kila chumba. Mwendo mmoja unaua na wa pili unaokoa, na kinachotofautisha ni hesabu ya pumzi peke yake.

### Pumzi ya nje ikiwa moja

Ondoa kete nyeupe ya E1 na uiweke F1. Ukuta wa Nyeusi sasa una pumzi moja nje.

Jaribu njia ile ile: Nyeupe B2, Nyeusi B1, Nyeupe A2, Nyeusi C2. Safari hii Nyeupe haruhusiwi kuingia C1, kwa sababu ukuta bado unapumua kupitia E1. Akiziba E1 kwanza, Nyeusi anacheza A1, anakula kete mbili na kuishi. Njia iliyoua dakika moja iliyopita sasa imeshindwa, ingawa ndani hakuna kilichobadilika.

Ndipo unaporudi kwenye karatasi na kuiona B1 ikikusubiri. Nyeupe anaanza B1. Nyeusi anajibu B2, ambalo ndilo jibu lake bora. Kisha Nyeupe anacheza C1. Zingatia mfuatano huu: Nyeupe akitangulia A2, Nyeusi anacheza C1 mwenyewe, na kete za Nyeupe zinabaki bila njia, kwa hiyo kundi linaishi.

Baada ya C1, Nyeusi ana majibu matatu ya kupima. Akicheza C2, Nyeupe anacheza A1. Nyeusi anakula kete tatu kwa A2, na Nyeupe anarudi B1, katikati ya nukta tatu zilizonyooka. Amekufa. Akicheza A2, Nyeupe anacheza C2. Nyeusi anakula kete tatu kwa A1, na Nyeupe anarudi C1, katikati ya nukta tatu zilizopinda. Amekufa pia. Mwendo unaompa matumaini ni A1. Kete hiyo inaacha A2 kama jicho na kutishia kula B1 na C1.

Nyeupe anacheza A2. Kete ya A1 ilikuwa na pumzi moja tu, A2 yenyewe, kwa hiyo inaliwa. Sasa kete ya Nyeupe ya A2 nayo ina pumzi moja, A1. Hii ni ko.

Nyeusi akifanikiwa kurudisha kwa A1 na Nyeupe akakosa tishio la maana (mwendo wa mahali pengine ambao mpinzani analazimika kuujibu), Nyeusi anacheza C2, anakula B1 na C1, na kuishi. Kwa upande wake Nyeupe bado hajaua, kwa sababu pumzi ya E1 ipo. Lazima aizibe, na anapoiziba Nyeusi anaweza kurejea A1 bila kutafuta tishio kwanza. Jibu sahihi basi ni "ko", na anayeandika "amekufa" amekosea sawa na anayeandika "ameishi".

### Pumzi za nje zikiwa mbili

Ondoa pia kete ya A4 na uiweke A5. Fuata njia ya ko hadi Nyeupe anapokula kwa A2. Safari hii Nyeusi hahitaji tishio lolote: anacheza C2 papo hapo. Kete zote tatu za Nyeupe zilizomo ndani, A2, B1 na C1, zinategemea pumzi moja ya A1. Nyeupe akiziba pumzi moja ya nje, Nyeusi bado ana nyingine, na anacheza A1 na kuzila zote tatu. Ameishi. Ukiijaribu C2 hii pale penye pumzi moja ya nje, utaona Nyeupe anaziba E1 na kuondoa ukuta mzima.

Nawaomba wasomaji walichunguze umbo hili kwa subira kuliko kurukia matatizo kumi mapya. Ukilielewa hadi uweze kueleza kwa nini mwendo wa kwanza unahama kutoka B2 kwenda B1 pumzi moja inapoongezeka, kusoma kwako kutabadilika kwenye kila tatizo litakalofuata.

## Hatua ya 6: Toa hukumu kwa daraja sahihi

Matokeo hayaishii kwenye uhai na kifo. Kwa mlinzi, bora zaidi ni kuishi kwa macho mawili, kisha seki, kisha ko, na mwisho kifo. Seki ni hali ambapo makundi mawili yanashirikiana pumzi na yeyote atakayeanza kucheza humo ndiye anayeliwa, kwa hiyo yote mawili yanabaki ubaoni.

Swali likisema "ua" nawe umepata ko, usifunge karatasi mapema. Hakiki kwanza kama kuna njia inayoua bila masharti. Kinyume chake pia kinatokea: ko ndiyo jibu bora lililopo, na msomaji anaitupa kwa kudhani ni kushindwa.

Ko zenyewe hazilingani. Anayekula kwanza ana nafuu, kwa sababu mwenzake ndiye anayelazimika kutafuta tishio mwanzo. Ukipata njia mbili zinazoishia kwenye ko, chagua ile ambayo wewe ndiwe unayekula kwanza.

Onyo kuhusu seki: kabla ya kuitangaza, hakikisha kwamba mshambuliaji hawezi kujaza ndani hadi kete zake ziliwe na kuacha umbo lililokufa, kama nukta tatu au mraba wa nne. Seki nyingi za wanaoanza huvunjika hapo.

## Hatua ya 7: Jaribu kuivunja hukumu yako

Sasa weka kete ubaoni na ucheze njia kuu mwendo kwa mwendo, ukihesabu pumzi kwa sauti kila kete inapowekwa. Baada ya hapo rudi nyuma na umpe mpinzani kila jibu uliloliruka, hata lile linaloonekana la kipuuzi. Yaangalie hasa majibu ya aina mbili: mwendo kwenye nukta za mstari wa kwanza karibu na kona, na mwendo wa kutoa kete iliwe. Hizo ndizo sehemu ambazo macho ya binadamu huziruka kwa kawaida.

Ukikuta jibu linaloivunja njia yako, usianze upya kila kitu. Rudi mwendo mmoja nyuma ya pale ilipovunjika, jaribu mbadala, na usipopata endelea kurudi mmoja mmoja. Andika kila njia iliyokufa ili usiirudie.

Programu ya kompyuta kama KataGo itumie baada ya kuandika hukumu yako. Inapokukosoa, usitosheke na nukta inayokuonyesha. Mchezee hapo hapo jibu ulilokuwa unaliamini, uone linavyoadhibiwa, hadi uweze kusema pumzi ipi hukuihesabu.

Siku inayofuata panga tatizo lile lile upya, safari hii likiwa limegeuzwa kwenye kona nyingine na rangi zikiwa zimebadilishwa. Umefaulu iwapo utataja idadi ya pumzi za nje kabla ya kutaja mwendo, ukatoa jibu kali la mpinzani bila kuulizwa, na ukaweza kumwonyesha mtu mwingine ubaoni kwa nini kila njia nyingine inashindwa. Ukikwama kwenye jibu moja tu la mpinzani, rudi Hatua ya 5 na uanze na jibu hilo.